Gari Lisiloacha Alama

Mkono wa Injinia Chepkorir ungali juu ya injini, palepale tulipomwacha juma lililopita, na injini ingali na moto.

Si moto wa kuunguza. Ni uvuguvugu wa chuma kilichofanya kazi usiku na hakijapata muda wa kupoa. Asubuhi ya Kesses ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Spana zilikuwa baridi, mabati yalikuwa baridi, hata kufuli alilolifungua sasa hivi lilimganda vidoleni. Injini peke yake ndiyo iliyokuwa hai.

Na kufuli halikuwa limevunjwa. Jana jioni alilifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa msomaji anayetufikia leo, gari hili halina magurudumu. Feni moja kubwa hupuliza hewa chini yake, hewa inazuiwa na turubai nzito ya mpira ambayo Chepkorir huiita sketi, na gari zima huinuka likaelea juu ya ardhi kiasi cha shubiri. Feni ya pili, ya nyuma, ndiyo inayolisukuma. Maji, matope, majani, kwake yote ni mamoja. Chepkorir alilibuni baada ya dada yake kufa ng'ambo ya kinamasi akiwa na uchungu wa kuzaa, mvua imekata njia, ambulensi imesimama upande huu ikiwasha taa zake bure. Watu wa Kesses waliliita sufuria. Siku lilipovuka kinamasi mara ya kwanza, waliacha kucheka.

Sasa lilikuwa limevuka tena, na si yeye aliyeliendesha.

Alichuchumaa akaanza kulikagua. Gari hili lina tabia moja ambayo alidhani ni watu wawili tu wanaoijua, yeye na mwenzake Lawrence Wabuge. Lilitengenezwa kubeba dereva na mgonjwa, bega kwa bega. Dereva akiwa peke yake linainama upande wake, upande wa kulia, na sketi ya upande huo inakwaruzwa na majani na matete. Ndiyo maana siku za majaribio huweka magunia ya mchanga kwenye kiti cha kushoto.

Magunia yalikuwa yametolewa. Yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya ukuta.

Aliipapasa sketi. Upande wa kushoto ulikuwa na matone ya matope tu. Upande wa kulia ulikuwa umechubuka mwanzo hadi mwisho, matope meusi yameganda, vipande vya matete vimenasa kwenye mishono.

Chepkorir alikaa chini kwenye saruji. Hesabu ilikuwa nyepesi mno. Magunia yalitolewa kwa sababu kiti cha kushoto kilikuwa na mtu. Sketi ilichubuka kwa sababu, wakati wa kurudi, kiti hicho hakikuwa na mtu.

Lilikwenda na watu wawili. Likarudi na mmoja.

Ndipo alipoona kitu kingine. Kwenye wenzo wa petroli palikuwa pamefungwa kipande cha kitambaa cha buluu, kimechanwa kwa haraka, nyuzi zikining'inia.

Simu yake ililia. Alikuwa Marion, mwenye duka karibu na dispensari, rafiki yake wa siku nyingi, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Alisema Nesi Tryphosa hajulikani aliko. Alikuwa zamuni jana jioni, na asubuhi hii wamekuta mlango wa dispensari wazi na taa inawaka. Viatu vyake vimeokotwa ukingoni mwa kinamasi. Watu wamejaa huko, polisi wameitwa, na jambo linalowatisha ni kwamba matope yote yale hayana unyayo hata mmoja.

"Alikuwa amevaa nini?" Chepkorir aliuliza.

"Yunifomu. Na kile kitambaa chake cha kichwa cha buluu. Kwani umemwona?"

Chepkorir alisema hajamwona. Alikata simu, akafungua lile fundo, akatia kitambaa mfukoni. Alitoka, akalifunga tena kufuli.

Ufunguo wa pili wa kufuli hilo ulikuwa kwa Lawrence. Lakini Lawrence alikuwa na mkono mmoja tu. Mwezi uliopita mkanda wa feni ulimkamata, ukamvunja mkono wa kushoto, na tangu hapo ulikuwa ndani ya plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Gari lile linahitaji mikono miwili, mmoja wa usukani na mmoja wa petroli.

Isipokuwa wenzo wa petroli uwe umefungwa kwa kitambaa.

Aliendesha pikapu yake hadi mtaa wa Huruma, Eldoret, bila kuona barabara. Lawrence alikuwa amepanga chumba katika ploti moja nyuma ya mafundi wa mageti, mahali ambapo nyundo huanza kulia kabla ya jogoo. Alimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni, chai imepoa mbele yake. Macho yalikuwa mekundu. Kwenye ukingo wa plasta yake nyeupe palikuwa na mstari mweusi wa matope.

Chepkorir alikiweka kitambaa mezani, kando ya kikombe.

Walikuwa wamesoma darasa moja, wakalala njaa moja, wakachomelea chuma pamoja miaka mingi. Hakuwahi kumwogopa mtu huyu. Sasa alijikuta amesimama karibu na mlango.

"Umemwacha wapi, Lawrence?"

"Funga mlango kwanza."

"Umemwacha wapi?"

"Yuko hai, Injinia. Naapa kwa mamangu. Funga mlango nikwambie."

Aliufunga, na Lawrence akasimulia kwa sauti ya chini huku nyundo zikipiga nje. Nesi Tryphosa ni mdogo wa mama yake, ndiye aliyemleta Eldoret na kumtafutia shule. Jana mchana watu fulani walimtupa mchungaji wa ng'ombe langoni mwa dispensari, kichwa kimepasuka, wakaondoka. Tryphosa alikuwa peke yake. Alifanya alichoweza, na alichoweza hakikutosha. Lakini kabla ya kukata roho yule mchungaji alimtajia aliyempiga.

Jioni ile wakaja wanaume wawili kwa pikipiki. Hawakuuliza kama mgonjwa amepona wala kama amekufa. Walitaka kujua amesema nini. Tryphosa akawajibu kwamba hakusema kitu. Waliondoka, lakini pikipiki haikwenda mbali. Aliisikia ikizimwa pale kwenye kona. Hapo ndipo alipotoka kwa mlango wa nyuma akampigia mwana wa dada yake.

Mvua ya mawe iliyonyesha usiku ndiyo iliyowasaidia. Ilipiga mabati ya Kesses nzima kwa kelele nyingi hivi kwamba hakuna aliyesikia feni. Viatu walivitupa ukingoni kwa makusudi, watu wadhani nesi amejitosa majini.

"Matope hatukuyafikiria," Lawrence alisema. "Kwamba watatafuta nyayo. Hilo lilitupita kabisa."

"Na sasa yuko wapi?"

"Kwa mizinga."

Chepkorir alipajua. Katikati ya kinamasi kuna kilima kidogo cha ardhi kavu ambapo zamani watu walitundika mizinga ya nyuki. Msimu wa mvua hakuna mguu wa mtu unaofika huko. Hakuna kitu kinachofika huko, ila kimoja.

"Jina alilotajiwa ni lipi?"

"Alikataa kunipa. Alisema likinitoka mdomoni nitazikwa nalo." Lawrence aliinua kichwa. "Nikamwuliza kwa nini asiende polisi. Akasema huyo mtu anakunywa chai na kila mtu. Na wewe pia, Injinia. Alisema hivyo. Na Injinia pia."

Chepkorir aliwapitisha akilini watu wote aliowahi kunywa nao chai Kesses, akashindwa kumweka hata mmoja wao na damu mikononi.

Walipatana kwa maneno machache. Lawrence angekwenda mjini kwa wakili mmoja mama waliyemwamini, amweleze yote. Chepkorir angerudi Kesses, akae kama mtu asiyejua kitu, mpaka wakili apate njia ya kumtoa Tryphosa salama. Alikwenda nusu ya njia akijifundisha uso wa kuvaa.

Uso huo ulimvunjikia mara tu alipofika. Mlango wa stoo ulikuwa wazi.

Alikuwa ameufunga. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni, na wa Lawrence ulikuwa Huruma. Kumbe kulikuwa na ufunguo wa tatu, nao ulikuwa ukining'inia kidoleni mwa mwenye shamba, Mzee Kiplimo, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti lake refu na kofia yake ya kahawia, akizungumza kwa upole na Inspekta Obiero.

Mzee Kiplimo alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya dispensari. Ndiye aliyempa Chepkorir stoo hiyo bure wakati watu wote walimwona mwendawazimu. Siku ya mazishi ya dada yake alilia waziwazi mbele ya watu, mzee mzima. Alipomwona sasa alimpokea kwa mikono miwili, akamwomba radhi kwa kufungua mlango bila yeye. Inspekta alitaka kuona gari, alisema, na angewezaje kumzuia mtu wa serikali.

Inspekta Obiero hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Injinia, nimetembea ukingo wote huo," alisema. "Mama wa watu amefika pale, akavua viatu, akapotea kama moshi. Mtu huacha alama. Ng'ombe huacha alama. Hata nyoka. Wewe umesoma, nisaidie. Ni kitu gani kinapita kwa matope na hakiachi?"

Watu waliokuwa nje walisogea mlangoni kusikiliza. Wengine walikuwa ni walewale waliompigia makofi mwezi uliopita.

"Gari langu," Chepkorir alijibu.

"Na jana usiku lilikuwa wapi?"

Alisema lilikuwa hapa, limefungwa. Alisema matope kwenye sketi ni ya jaribio la juzi. Obiero aliweka kiganja juu ya injini, ambayo sasa ilikuwa imepoa. Kisha akamwarifu kwamba hatatoka Kesses, wala gari halitatoka, mpaka nesi apatikane akiwa hai au maiti.

Ndipo Mzee Kiplimo alipoingia kati. Sauti yake ilikuwa na machozi. Alisema badala ya kulifungia gari, kwa nini lisitumike? Tryphosa ni nesi wake, ni kama dada yake. Pengine amekwama huko ndani kwenye matete, anakufa kwa baridi huku watu wazima wakibishana. Lina viti viwili. Inspekta apande na Chepkorir, wamtafute.

Obiero aliutazama ukingo wa kinamasi, akaitazama sketi ya mpira. Alisema yeye ni mtu wa Kisumu, wa ziwani ndiyo, lakini kuogelea hajui.

"Basi nitakwenda mimi," Mzee alisema. "Huyu ni mwanangu. Hawezi kunitosa."

Watu wakaitikia kwamba Mzee ana utu. Chepkorir hakuwa na neno la kukataa ambalo lisingemfunga pingu papo hapo. Akajiambia kwamba afadhali yeye ashike usukani kuliko mwingine. Atazunguka upande wa mashariki, mbali na mizinga, atapoteza muda, atarudi na kusema hakuna kitu.

Waliondoka alasiri, mawingu meusi yakiwa yameanza kupanda upande wa Nandi. Gari liliinuka, likateleza kutoka nyasini hadi kwenye matope, kutoka kwenye matope hadi majini, bila kutikisika. Nyuma yao maji yalijifunga kama hayakuwahi kuguswa.

Mzee Kiplimo alikaa kushoto, mikono ndani ya koti. Kwa sababu ya ngurumo za feni hawakuweza kuzungumza, lakini Chepkorir aliona midomo yake ikicheza. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, peke yake, polepole.

Alielekea mashariki. Akapita kwenye mafunjo marefu, akazunguka, akapita tena. Ndege waliruka wakatawanyika. Kila baada ya kitambo Mzee alinyoosha kidole upande fulani, naye akapeleka gari huko, wakatazama, hakuna kitu, wakaendelea. Alinyoosha kaskazini, wakaenda. Alinyoosha kusini, wakaenda. Mara mbili alinyoosha magharibi, kule kwenye kilima cha mizinga, na mara mbili Chepkorir akajifanya hakuona.

Mzee aliinama mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwa Chepkorir. Pumzi yake ilinukia tangawizi.

"Unanizungusha, mwanangu."

"Tunatafuta, Mzee."

"Geuza magharibi. Yuko kwa mizinga."

Chepkorir alimgeukia. "Nani amekwambia?"

"Wewe." Alisema hivyo bila hasira, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi anayempenda. "Kila mahali nilipoonyesha ulipatazama. Pale peke yake unapaogopa hata kwa macho."

Mikono ilitoka ndani ya koti. Alikuwa na rungu, la mti mweusi, kichwa chake kikubwa kimeng'arishwa na miaka ya kushikwa. Hakumwinulia. Alililaza tu magotini, akaweka kiganja juu yake, kama vile wazee wengine wanavyoshika fimbo wakiwa mkutanini.

Chai. Chepkorir alikumbuka vikombe vyote alivyowahi kunywa sebuleni kwa mtu huyu, na mkate alioukatiwa, na sala kabla ya mkate.

"Yule kijana mchungaji alikuwa akiniibia," Mzee alimwambia sikioni. "Sikukusudia afe. Lakini mtu akishakufa, mwanangu, anayebaki ni wewe na jina lako. Geuza."

Akageuza. Hakuwa na la kufanya. Alipunguza petroli kadiri alivyoweza, akiwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza maishani. Kilima kilitokea mbele, kijani kibichi, mizinga mikuukuu ikining'inia kwenye miti yake. Alimwomba Mungu Tryphosa awe amejificha. Awe amelala. Awe mahali popote pasipoonekana.

Lakini kwa mama yule aliyekaa usiku kucha na mchana kutwa peke yake kwenye umande, mngurumo wa feni ulikuwa na maana moja tu. Mwana wa dada yake amerudi kumchukua.

Matete yakafunguka. Tryphosa akatokea hadi ukingoni, peku, yunifomu imemgandia mwilini, akipunga mikono yote miwili.

Mzee Kiplimo alilishika rungu.

Gari linaloelea halina breki. Ukitaka lisimame lazima uanze kupunguza mapema, na Chepkorir hakuwa na mapema. Lilibaki jambo moja. Alizima injini, akauchomoa ufunguo, akaurusha mbali kwa nguvu zake zote. Ulizama kwenye matope bila hata kutoa sauti.

Hewa ikatoka chini yao kwa mkoromo mrefu. Sketi ikanyauka. Gari alilolijenga kwa miaka, gari la dada yake, likaanguka kwa tumbo, likapiga matope, likakaa. Maji meusi yakaanza kupenya sakafuni, yakamfikia kwenye vifundo vya miguu. Kutoka hapo hadi kwenye kilima palikuwa na umbali wa kurusha jiwe, na kila hatua ya umbali huo ingemmeza mtu mzima.

Tryphosa alisimama kama aliyepigwa na radi. Aliiona kofia ya kahawia. Aligeuka, akatumbukia kwenye matete, na matete yakafunga nyuma yake.

Chepkorir alingoja rungu limshukie. Alifumba macho akawaza juu ya mama yake aliyeko Kapseret, atakayepewa habari na nani, kwa maneno gani. Halikushuka. Alipoyafumbua alimkuta Mzee ameketi vilevile, anatazama maji yakipanda kwenye buti zake, wala hana haraka.

"Umeharibu kitu kizuri," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Na hakukuwa na haja."

Kisha ikaja sauti.

Mwanzoni Chepkorir alidhani ni mvua upande wa Nandi. Haikuwa mvua. Akadhani injini yake imejiwasha, akaigusa, ilikuwa kimya. Ilitoka nyuma ya mafunjo, ikipanda na kushuka, na ndani yake mlikuwa na mluzi mwembamba ambao angeutambua hata usingizini. Ni mluzi wa feni ya mapanga sita, umbo alilolichora mwenyewe, alilolikata mwenyewe, ambalo halikuwahi kuuzwa wala kuonyeshwa mahali popote nje ya stoo ile.

Gari lake lilikuwa chini yake, limekufa. Na katika kaunti yote ya Uasin Gishu hapakuwa na lingine. Au ndivyo alivyodhani, kabla ya kukumbuka ule ufunguo wa tatu wa stoo.

Mafunjo yalilala chini. Kitu kirefu cha rangi ya kijivu kilipita juu ya maji bila kuacha alama, kikiwa na wanaume wawili ndani yake, na hakikuja upande wao. Mzee Kiplimo alivua kofia, akaielekeza taratibu kwenye kilima cha mizinga, na kile kitu kikapinda kufuata kofia.